Fomu ya Makabidhiano

Ijumaa, saa nane. Bohari ya ofisi, Milimani, Kisumu.
Mimi ndimi mwenye kalamu; hakuna aliyenihamisha.
Apondi anataja, naandika:
buti za mpira, jozi tatu, moja inavuja.
Darubini, moja, kioo kina ufa.
Ufito wa kupimia maji,
namba zimefutika chini ya mita moja.
Kasia. Tochi. Muhuri wa shirika.
Ufunguo wa kitalu cha miche, pamoja na kufuli
ambalo hufunguka hata kwa mpini wa kijiko.
“Hilo nalo andika,” asema. Naliandika.

Miaka kumi na miwili, kurasa mbili.

Dakta Onditi alituacha mwezi wa tatu.
Tulimkatia keki, akatupa namba ya simu isiyoshika.
Mukhwana dereva kachukuliwa na watu wa misaada;
mshahara mnono, alisema, akiangalia viatu vyake.
Mhasibu hakuaga.
Ukutani misumari minne imebaki mitupu,
na pale zilipokuwa picha rangi ingali mpya,
kama ngozi chini ya saa ya mkononi.

Fomu haina mstari
wa ile njia ya tope gumu kati ya mafunjo ya Yala,
inayohama kila masika;
wala wa mama ajuaye nzohe huzalia wapi,
na hamwambii mtu ambaye hajanywa uji wake.
Haina mstari wa usiku wa moto,
mafunjo yakialika kama bisi,
Apondi, wanakijiji wanne, matawi mabichi,
halafu asubuhi, jivu hadi magotini,
lile ambalo ripoti ililiita “changamoto”.
Nikamuuliza, haya niyaandike wapi?
“Pembeni.”
Pembeni pana upana wa kidole.

Bi. Kageha kaingia, mkurugenzi mpya.
Ametoka benki. Tuliambiwa anajua hesabu,
na kweli, kahesabu buti, akapata tano.
“Ya sita?”
“Iko Yala,” Apondi akajibu. “Tope liliikataa kuirudisha,
mwaka wa mafuriko. Mguu wangu lilinirudishia.”
Nilingoja acheke, au akasirike.
Akauliza ni upande gani, kulia au kushoto,
na mahali penyewe, na kama mtu anaweza kumwonyesha.

Wakatia sahihi. Aliyekabidhi. Aliyepokea.
Nami kwenye nafasi ya shahidi,
kalamu ikikwaruza, wino umekwisha,
nikarudia mara mbili.

Mvua ya jioni ilikuwa imeanza kupiga mabati
Apondi alipofika getini, kisha akarudi mbio:
alikuwa amevaa koti la shirika,
lile la kijani, nembo imechanika kwapani.
Akaanza kulivua.
“Nenda nalo,” Bi. Kageha akasema.
Kisha kwangu, kwa sauti ya chini:
“Andika limepotea.”

Miaka yote hii sijaandika uongo kwenye daftari la bohari.
Nilingoja wote wawili watoke.
Koti la mvua, moja, nikaandika.
Liko kazini.