Mkono wa Usiku

Mchana mimi ni Nabintu, fundi cherehani wa Kadutu,
utepe shingoni, nawapima wenzangu viuno,
na changu nakiandika pembeni mwa daftari
kwa penseli, ili niweze kukifuta.

Chai bila sukari. Bugali, ngumi moja tu.
Nateremka hadi Essence kwa miguu,
napanda tena, jasho likinisifu.

Usiku, umeme ukikatika,
mkono huamka kabla yangu.
Hauulizi njia. Unajua jinsi ya kuinua mfuniko
usipige kelele,
unajua sambaza walipo,
unarudi kitandani na harufu ya mafuta.
Asubuhi nahesabu waliobaki,
nawasingizia watoto.

Hadi juzi, nusu ndotoni, nikamkuta:
msichana wa miaka saba, amechuchumaa nyuma ya mbavu zangu,
midomo ina utomvu wa ndizi mbichi
tulizokula njiani mwaka ule wa kukimbia.
Hakuna aliyemwambia kwamba tulifika.
Kila nikikaza mkanda, yeye husikia: njaa imerudi.
Basi huweka akiba.
Huiweka kwangu.

Nimemkemea miaka. Ukimkemea, hushika zaidi.
Leo nimemfungulia gunia la unga,
nikauzamisha mkono wake hadi kwenye kiwiko.
“Na kesho?” akauliza.
Na kesho, nikamwambia.

Utepe umesogea nusu kidole; labda ni pumzi tu.
Lakini kumekucha, na mfuniko
umelala pale pale nilipouacha.