Kulabu za Juu

Gatini Marathon, kusini mwa Florida,
ubao wa Thaddeus Albury una safu mbili za kulabu.
Ya chini inang'aa, kila jioni huoshwa damu.
Ya juu imeliwa na kutu, imekuwa rangi ya chai.

Hakuna aliyeamua. Safu ya chini
ilipigiliwa kwa ajili ya picha, asema:
samaki wa wageni, akitundikwa kule juu,
alionekana kama soksi iliyosahauliwa kambani.

Zamani chewa akining'inia pale
mkia wake ulifagia mbao.
Babake Thaddeus alisimama kando
kama mtu aliyekodiwa kushikilia mlango.

Mimi naosha meza ya kupasulia.
Ukubwa naujua kwa kisu:
mfupa ulionigomea mwaka nilioanza
siku hizi wakatika kama bua la mchicha.

Marisela Quintero huja na kibao cha plastiki,
penseli imefungwa kwa uzi.
Anazama, anahesabu, anaibuka midomo ikitetemeka.
Chewa huyu huanza jike, anatuambia;
akiishi sana, akijaa, ndipo awe dume.
Kila tukichagua mkubwa
tumeondoka na bwana harusi.

"Si ndoana," Thaddeus anamjibu, "ni nyumba.
Matumbawe yamekuwa meupe kama meno ya bandia.
Mikoko wameikata wapitishe boti zao,
wapande nyasi za gofu.
Mtoto wa chewa alale wapi,
kwenye bwawa la kuogelea?"

Marisela anageuza kibao.
Upande huu, mwamba uliofungwa, miaka haujaona ndoana;
lakini umebomoka, hauna pango wala dari.
Samaki wanakuja, wanazunguka, wanaondoka.
Upande ule, mwamba wa vyumba na korido na kivuli,
na nyuzi zilizokatika zimeutanda kama utando wa buibui.
Huku wapangaji bila nyumba.
Kule nyumba bila wapangaji.

Hakuna aliyeshinda. Wakagawana biskuti.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi.
Hawakusema mvue angali mtoto.

Yupo mmoja, chini ya daraja kuukuu.
Corliss, mjukuu, amemwona: mpana kama jokofu,
ndoana tatu zimemwota mdomoni kama ndevu,
akitazama bila haraka
kama karani ambaye saa zake za kazi zimekwisha.
Nguzo ya ngapi, hasemi.
Babu alimuuliza mara mbili,
mara ya pili kwa sauti ya mtu
anayeomba anyimwe.

Leo katoka majini, kasimama kwa ncha za vidole,
katundika miwani yake ya kuzamia
kwenye kulabu ya juu.

Maji yanadondoka kutoka kule.
Yanachukua muda kufika chini.