Shati la Viraka Arobaini

Za mwizi ni arobaini,
na za mzazi pia.
Leo ni ya thelathini na tatu. Nimezihesabu kwa nepi:
huku Naryn ukianika uani zinaganda,
nikizitoa kambani zinagongana kama sahani.

Mimi ni mwalimu wa hesabu. Kushona sijui.
Mavyaa yangu Kalipa anajua, lakini sindano amenipa mimi.
Uzi wa mama ndio unaoshika, akasema,
akaketi karibu na jiko la makaa
kunitazama nikijichoma.

Shati la kwanza lilikuwa jepesi:
kipande cha gauni la bibi wa miaka tisini na moja,
halina pindo, halina kifungo.
Akavishwa kwanza Aktosh, mbwa wetu mwenye kifua cheupe,
akasimama mlangoni ameinamisha uso kama bwana harusi,
ndipo likavuliwa, akavishwa Meerim.
Baya likija kumtafuta mtoto
linuse, liseme, aa, mbwa tu huyu,
lipite.
Sikucheka. Siku ya tatu tangu kujifungua
mtu hacheki kinga yoyote.

Hili la pili ndilo kazi.
Viraka arobaini, nyumba arobaini,
kila nyumba imkatie mtoto kipande cha siku zake,
alivae siku ya kuogeshwa vijiko arobaini vya maji.
Kalipa alizunguka mtaa mzima na mfuko wa plastiki
akarudi na kola ya dereva wa basi la Bishkek,
pazia la zahanati,
satini ya bibi harusi wa juzi,
mfuko wa suruali ya mtu aliyeacha pombe.
Huo nimeuweka kifuani.

Saa nane za usiku Meerim huamka, nami huamka na maziwa,
yananitangulia, yanalowesha kila nilichovaa.
Baba yake anapanga vigae Yekaterinburg.
Humwona kwenye simu, hugusa kioo
kwa kidole chenye saruji kavu.
Ame—, anasema, na mtandao unakatika,
mdomo wake unabaki wazi hapo hapo,
nami namalizia peke yangu: kua. Amekua.

Thelathini na tisa.
Nyumba ya arobaini ni ya Zuura, ukuta kwa ukuta nasi.
Kalipa hasemi naye tangu kisa cha kondoo,
na kisa hicho ni cha zamani, mimi nikiwa bado mwari kwetu.
Kata pazia letu mara mbili, akaniambia,
nani atahesabu?
Mimi, nikasema.

Juzi tumbo lilimsokota mtoto.
Alilia mpaka rangi ikambadilika,
nikatembea naye dirishani, mlangoni, dirishani,
nikalia na mimi, kwa sauti, sikujali.
Mlango ukagongwa.
Zuura, koti juu ya gauni la kulalia, theluji mabegani,
mkononi bilauri ya maji ya shibiti.
Kalipa alikuwa amelala, au amefumba macho.
Zuura akamlaza mtoto kifudifudi mkononi mwake,
akamgongagonga mgongo bila haraka
kama mtu anayengoja kufunguliwa.
Mtoto akacheua. Nyumba ikanyamaza.

Nikamwonyesha shati,
na tundu lililobaki chini ya kwapa la kushoto.
Hakuuliza kitu. Akachukua mkasi wangu,
akavua kitambaa chake cha kichwa, kile cha buluu chenye maua mekundu,
akakata pembe,
akajifunga kilichobaki, akatoka.

Asubuhi Kalipa akaligeuza shati nje ndani,
kidole kikipita kiraka kwa kiraka
mpaka kwapani. Hapo kikasimama.
Buluu ile anaijua. Mtaa wote unaijua.
Nilikuwa ninanyonyesha, sikuweza hata kuondoka chumbani.

Mshono huu umepinda, akasema.

Kisha akaweka pasi juu ya jiko ipate moto,
na alipoanza kunyoosha
alianza na kwapa.