Jiwe la Sirkali Mlangoni

Jiwe linaloshikilia mlango wetu, Kaloleni, Nairobi,
si jiwe la hapa.
Mawe ya hapa ni ya kijivu, yanatoka machimbo ya Njiru,
makavu, yenye kingo za kukata kidole.
Hili ni tumbawe. Ubavuni lina kombe dogo
lililosahau kuwa lilikuwa na mwenyewe,
na ukilimwagia maji ya kufulia linayanywa,
kama mgeni aliyefika na kiu
na miaka sitini hajakata.

Kichwani limechongwa herufi moja ya Sirkali,
mshale, na nambari: 117.
Sisi watoto tulidhani ni nambari ya nyumba.

Baba, Rimba wa Dzombo, alikuwa mvuta mnyororo.
Si mpima. Mpima alikuwa na kofia,
na darubini ya miguu mitatu,
na mtu wa kumshikia mwavuli.
Baba alikuwa na mnyororo, na panga la kufyekea,
na sauti ya kuhesabia.
"Pale!" mpima husema, kanyosha kidole,
na pale pakawa mwisho wa kitu.

Walianzia mtoni wakaja hadi nje ya Mtwapa,
mnazi huu ndani, mnazi ule nje,
Baba akichimba, akisimika, akishindilia,
mpaka Alhamisi moja mnyororo ukapita
kati ya jiko la shangazi Mbeyu
na kaburi la mwanawe.
Jiko nje.
Kaburi ndani.
"Pale," akasema mpima.
Na Baba akachimba.

Hakutuambia kamwe shangazi alisema nini.
Alituambia tu kwamba aliwaletea maji ya kunywa
na kata ikarudi imejaa.

Mwaka wa pili alirudi usiku, peke yake,
akang'oa alichokipanda.
Akalitia guniani pamoja na nazi sita,
akapanda gari la moshi, daraja la tatu,
na karani wa tikiti alipouliza
ni mzigo gani huu wa kuvunja mgongo,
akajibu, "Shamba."

Alidhani mpaka ni jiwe.
Alidhani ukiling'oa
ardhi itajirudia yenyewe,
kama maji ukitoa mguu.
Shangazi alikufa akiomba ruhusa, kila mwaka,
kwa barua aliyoandikiwa na mwalimu wa chuoni,
aende kupalilia kaburi.

Juzi nimekwenda ofisi ya ardhi.
Foleni ya dirisha la nne, tangu saa moja asubuhi,
nambari nimeiandika kiganjani kwa kalamu.
Binti wa dirishani, Kerubo, mwenye kikohozi na subira,
akavuta droo, akatandaza ramani
iliyoliwa na nondo upande wa bahari,
akaweka ukucha wake mwekundu.
"Hili hapa, mama. Lipo."
Nikasema halipo.
Nikasema nimetoka kulifagilia leo.
Akatazama tena, kwa heshima, akainama kabisa.
"Lipo," akasema. "Halijasogea hata inchi."

Kiganja kilikuwa kimetoa jasho.
Nambari imebaki moja na moja,
saba imefutika.

Nimerudi kwa miguu, Barabara ya Jogoo, vumbi na jua.
Mama alikuwa akisema jina Kaloleni,
kwa lugha yetu ya kule, ni kama kuambiwa:
nendeni mkaone.
Basi nimekuja kuona.
Upande huu wa jiwe kuna sufuria na kandambili.
Upande ule, uchochoro, na kuku wa watu.
Mtoto wa jirani amelikalia, anatafuna muhogo.
Nimemuuliza: "Wewe, umekaa ndani au nje?"

Amesogea kidogo,
akidhani nataka kupita.