Chupa ya Kumi na Saba

Sindano ya usingizi haikupiga kelele,
ilitoka kama mtu anayetema mbegu ya pera.
Swala akaruka mara moja, akageuka kututazama,
akaenda hatua kumi na moja, Rwabutogo akizihesabu kwa sauti,
kisha magoti yakamkataa.

Tuna dakika ishirini.
Kitambaa machoni, asije akauona uso wangu.
Kyomugasho kashika pembe.
Nautafuta mshipa wa shingo kwa kidole gumba,
nilivyofunzwa nyumbani, kwa ng'ombe,
kabla sijajua kazi hii ina cheti.
Damu inapanda chupani, ina joto la mkono wa mtoto.
Naandika: kumi na saba. Dume. Kupe wengi.
Ulimi safi, kwato safi, manyoya yanang'aa.
Ungeapa ni mzima.

Lakini damu ni karani.
Humwandika kila mgeni,
hata aliyelala usiku mmoja akaondoka bila kuaga.

Hapa Mburo hifadhi haina ua.
Ng'ombe wanashuka kwenye maji yale yale,
Bihogo wa mama yangu mbele,
kabeba kipande cha anga katikati ya pembe.
Misimu miwili ametupa mimba.
Ada ya shule ya mdogo wangu
tuliizika nyuma ya zizi, manyoya yake mabichi bado.
"Wanyama wa serikali," husema mama,
"wametuletea ugonjwa wa serikali."

Dawa ya kuamsha. Rudini nyuma.
Swala akasimama, akayumba,
akatutazama kama watu waliomwibia
kitu asichokijua jina.

Majibu yakaja Jumanne, karatasi moja.
Kumi na saba: kingamwili zipo. Brusela.
Nikafungua friji, nikapima chupa za zamani,
swala wa kabla ya Bihogo kuugua:
safi. Safi. Safi. Zote safi.
Nikakaa chini.
Sisi ndio tuliotangulia.

Jumamosi nikaenda nyumbani, Sanga,
karatasi imekunjwa mara nne mfukoni.
Mama akanimiminia maziwa
kwenye chombo cha mti, chenye harufu ya moshi wa nyasi.
Nikakishika. Nikauliza kama yamechemshwa.

Akanitazama
kama yule swala alivyonitazama.