Ramani Nyuma ya Bili ya Umeme

Keti. Sogeza hizo sahani, nikuchoree hapa,
nyuma ya bili ya umeme. Karatasi nyingine sina,
na bili yenyewe nimeshailipa.

Mstari huu ndio barabara. Usiuamini sana:
barabara yetu imejikunja kama utumbo wa mbuzi,
ila kalamu yangu haina subira.

Upande huu ni Atlantiki. Usiogelee,
hata maji yakikuchekea.

Maporomoko yako hapa. Usiende Jumanne wala Alhamisi,
ndizo siku meli nyeupe inapotia nanga,
ndefu kuliko mji unaoitazama,
na watu elfu tatu wanashuka na vibandiko vifuani,
kila mmoja na namba ya basi lake la kurudi.
Nenda Jumatano, alfajiri.
Getini utamkuta Thelbert. Mwambie umetoka kwa Eudoxie.
Atakutoza vilevile,
lakini atakupa fimbo.

Hapa darajani ni kwa Ma Florestine,
mkate wa muhogo, Ijumaa tu, uule ungali unaunguza vidole.
Usipige picha mikono yake.
Kuna mtu alipiga,
na sasa mikono ile iko kwenye bango la uwanja wa ndege
ikitangaza benki,
benki ileile iliyomnyima mkopo wa tanuri.

Maji ya moto hayana kibao. Fuata harufu ya mayai viza.
Kama una pete ya fedha, ivue kabla hujaingia.
Mimi sikuambiwa. Ilitoka nyeusi tii,
na mume wangu, Mungu amrehemu,
alikaa wiki nzima akijiuliza nimemkosea nini.

Ukialikwa shelisheli la kuchoma, kula.
Ukiulizwa kama ni tamu, usiseme "ni la kipekee."
Tunajua maana yake.

Unauliza mchanga mweupe? Wote huuliza.
Mweupe uko visiwa vya jirani, wana mwingi, wanauuza.
Huu wetu ni mweusi, ulizaliwa motoni,
na haukusahau:
ukilala juu yake saa mbili usiku
utahisi mgongo wako umeshikwa
na mtu aliyekuwa anakungoja.

Hapo?
Hapo sijachora kitu.
Una macho wewe.

Hapo palikuwa Ti Fon.
Usiku wa kimbunga mto ulishuka
umebeba mlima mgongoni.
Dada yangu Alvina alikuwa na jiko lenye mapazia ya kijani,
ameyashona mwenyewe, moja refu kuliko jingine.
Siku hizi kuna kijana anapeleka wageni kwa gari,
dola ishirini kwa kichwa, maji ya chupa ni bure.
Simlaumu. Naye alikuwa na nyumba kule.
Ila mimi sipeleki mtu.

Lakini ukienda mwenyewe, kwa miguu,
pita kiwanda cha mafuta ya majani, kile kisicho na paa,
hesabu madaraja mawili, la tatu halipo,
utaona ngazi za saruji, tatu, zinapanda kwenda hewani.
Kaa ya pili. Ya kwanza imepasuka.
Si lazima uwaze lolote. Pumzika tu,
kama mgeni aliyefika mapema
na mwenyeji bado anafunga kanga chumbani.

Ukirudi usinieleze palivyo.
Niambie kama ule mkungumanga pembeni umezaa.
Basi.

Haya, chukua, ikunje vizuri, mvua haibishi hodi hapa.
Upande wa pili usikushughulishe:
ni deni la miezi minne
ambayo kisiwa kizima hakikuwa na taa hata moja.
Nililipa. Walisema mashine haikosei.

Kalamu niachie.