Chelezo

Heldur alizipanga kwa herufi ya ukoo:
diski ya A, diski ya B, kama kabati la zahanati,
na kwa miaka kadhaa mpango ulimtii.
Lakini hapa Tartu kila mlango wa pili ni Kask, ni Kuusk, ni Kukk, ni Koppel.
K ikaumuka kama unga uliosahauliwa na hamira yake.
Diski ya Q ikakaa tupu, inazunguka,
inakula umeme wa bure.

Alipostaafu aliniachia funguo mbili, kikombe chenye ufa,
na masanduku elfu arobaini na moja ya barua.
"Maarika," aliniambia, "usiguse kitu siku ya Ijumaa."

Nikagusa. Si Ijumaa, lakini nikagusa.
Nikazivunja herufi, kila mtu nikampa namba,
na kwa tarakimu mbili za mwisho nikawagawa:
vyumba mia moja,
profesa na mfagiaji ukuta mmoja,
hakuna chumba kilichovimbiwa wala kilicholala njaa.
Usiku wa wiki tatu, Januari,
nje nyuzi ishirini chini ya sifuri, mto Emajõgi umefunikwa barafu,
ndani mafeni yananguruma, nami nimebaki na fulana.

Kisha kanda.
Watu huniuliza: si una diski pacha?
Kinachoandikwa huku si kinaandikwa na kule?
Ndiyo. Na kinachofutwa huku kinafutwa na kule, nukta hiyo hiyo.
Kioo hakina kumbukumbu;
ukiondoka mbele yake, ameshakusahau.
Kwa hiyo kila Jumapili nilitia kanda kumi na mbili
kwenye mkoba wa mboga, nikavuka daraja,
nikazifungia kwenye sanduku la chuma la jengo la pili,
moto ukizuka huku ushindwe kuvuka maji.

Kazi hii huitwa chelezo:
kile kieleacho juu, kamba ikikatika,
kikuonyeshe nanga ililala wapi.

Akiba haiozi, husema
wasiowahi kuifungua.

Mwezi wa kumi akaja Bi Leida Raudsepp,
koti linachuruzika maji kwenye zulia letu.
Mumewe, Endel, mwalimu wa elimu ya udongo, alifariki Mei.
Kanuni ilisubiri siku tisini, ikafunga sanduku lake.
Alitaka barua. Zote, alisema, hata za matangazo.

Nikavuka daraja. Nikaipachika kanda ya Mei.
Tupu.
Ya Aprili, tupu. Ya Machi.
Nikakaa sakafuni, nikaisoma orodha niliyoiachia mashine:
A, B, C, D...
Nilikuwa nimewahamisha watu wote
nisiiambie kanda walikohamia.
Miezi minane ilipita kila usiku katika vyumba vilivyohamwa,
ikanakili vumbi kwa uaminifu,
na kila alfajiri ikaniandikia:
Imekamilika. Makosa: sifuri.

Mali bila daftari hupotea bila habari.
Mimi daftari nilikuwa nalo. Lilikuwa la mji wa zamani.

Nilimpa kila kitu hadi Januari.
Nilimwambia kwamba baada ya hapo hakuna, na kosa ni la nani.
Akakunja kitambaa chake cha shingo mara mbili.
"Kiharusi kilimpata Januari," akasema.
"Hakuandika tena. Waliomwandikia, nilimsomea mimi.
Baadhi nazikumbuka."
Akaniuliza kama naweza kumpa karatasi.

Hilo halikunifariji, wala halikukusudiwa.
Wale elfu arobaini hawajui hadi leo
kwamba msimu mzima walivuka barafu
na chini yao hakukuwa na kitu.

Siku hizi, kila Alhamisi, natupa dado.
Namba inayotoka ndiyo ninayoifufua,
sanduku zima, kwenye diski ile iliyokuwa ya Q,
kisha nahesabu: barua elfu tatu mia moja na kumi na nane huku,
ngapi kule?
Leo imetoka sabini na tatu.
Kahawa imepoa katika kikombe cha Heldur.
Kanda inarudi nyuma, inarudi, inatafuta.
Sijaandika chochote bado.